Bawabu Aliyeitwa Daktari: Filamu ya Bean na Futuhi ya Runinga katika Mitaa ya Eastlands

Miongoni mwa tanzu ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipa kisogo, ramsa haina mshindani. Tanzia imeandikiwa tasnifu. Tamthilia ya kisiasa imejadiliwa hadi ikachakaa. Hata futuhi, maadamu imechapishwa baina ya majalada mawili na kuidhinishwa kutahiniwa shuleni, hupata sura yake katika vitabu vya nadharia. Lakini kichekesho cha runinga, kile cha nusu saa kinachotazamwa na familia nzima baada ya chakula cha jioni, huachwa huko huko sebuleni. Inapotokea kichekesho cha aina hiyo kikarefushwa na kuwa filamu ya sinema, dharau huongezeka maradufu: wapenzi wa filamu hukiona kuwa ni runinga iliyovimba, na wapenzi wa fasihi hawakioni kabisa.

Makala haya yanaangazia filamu moja ya upuuzi wa namna hiyo, Bean, iliyoongozwa na Mel Smith na kutolewa mwaka 1997. Filamu hii haijachaguliwa kwa ubora wake. Imechaguliwa kwa kuwa mhusika wake mkuu ni bawabu anayedhaniwa kuwa daktari wa sanaa, na kwa kuwa kisa hicho hicho, cha mlinzi anayechukuliwa kuwa msomi au mtu wa ofisini, ndicho kilichowachekesha watazamaji wa Kenya kwa zaidi ya muongo mmoja katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV. Visa viwili vinavyofanana kiasi hicho vilikwenda njia mbili tofauti. Kimoja kilizunguka dunia, kingine kikabaki katika lugha yake. Ubora wa mzaha hautoshi kuieleza tofauti hiyo, na inafaa kwanza kutazama filamu ilimfanyia nini bawabu wake.

Mr. Bean alizaliwa runingani. Kipindi cha kwanza kilionyeshwa na ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na vingine vikafuata kwa nafasi hadi mwaka 1995. Waliombuni ni Rowan Atkinson, ambaye ndiye aliyemwigiza, na Richard Curtis, pamoja na Robin Driscoll katika uandishi. Kila kipindi kilikuwa mkusanyiko wa visa vifupi visivyotegemeana. Katika kile cha kwanza Bean anafanya mtihani ambao hakuusomea, kisha yuko ufukoni akihangaika kuvaa nguo ya kuogelea bila kuvua suruali, kisha yuko kanisani akipigana na usingizi. Hakuna kinachounganisha mtihani, ufuko na kanisa ila mtu mwenyewe. Hana kazi ijulikanayo, hana jamaa, hana historia, na karibu hana maneno.

Muundo huu si mgeni kwa msomaji wa Kiswahili. Hivyo ndivyo zilivyo ngano za Abunuwasi, na hivyo ndivyo alivyo Sungura. Abunuwasi hazeeki wala hajifunzi, na kisa cha leo hakikumbuki cha jana. Aadhibiwe leo na sultani, kesho atakuwa barazani pale pale na hila mpya. Msimulizi hana haja ya kuvipanga visa hivyo katika mfuatano, na msikilizaji hana haja ya kujua mwisho wa maisha ya Abunuwasi. Mhusika wa aina hii haendelei, hurudi. Mhakiki anayemtaja kwa dharau kuwa ni mhusika bapa amesema kweli isiyo na faida, kwani ubapa ndio unaomwezesha kurudi.

Sinema haina subira na mhusika anayerudi. Mtu aliyelipa kiingilio akaketi kwa dakika 90 anadai mwanzo, mgogoro na suluhisho. Kwa hiyo Curtis na Driscoll walilazimika kumpa Bean vitu vitatu ambavyo runingani hakuwa navyo: kazi, jamaa wa kuishi nao, na hotuba. Kazi ilikuwa uamuzi wa busara, jamaa hawakustahili kuwapo, na hotuba ni jambo la kujadiliwa kwa utulivu zaidi.

Katika filamu, Bean ni mlinzi katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London. Kazi yake ni kukaa kitini na kuangalia picha zisiguswe, na hata hiyo humshinda kwa sababu ya kusinzia. Wakurugenzi wanataka kumfuta kazi. Mwenyekiti anamkingia kifua, nao wanaona afadhali wampeleke mbali: jumba moja la sanaa mjini Los Angeles limeomba mtaalamu wa kusimamia mapokezi ya mchoro mashuhuri wa James Whistler wa mwaka 1871, ule wa mama yake akiwa ameketi kwa ubavu. Katika hadithi, mchoro huo umenunuliwa kutoka Musée d'Orsay ya Paris kwa dola milioni 50. (Mchoro halisi haukuuzwa, bado ni mali ya Ufaransa.) Bean anafika Marekani na kupokewa kama Dakta Bean. Yeye mwenyewe hadai kitu. Barua ndiyo iliyosema, na wasomi wakaiamini barua kuliko macho yao.

Hapo ndipo ramsa inapopata meno. Kila ujinga anaoutenda Bean unafasiriwa kuwa kina. Akinyamaza, anatafakari. Akikunja uso mbele ya picha, anahukumu. David Langley, mhifadhi wa jumba hilo anayeigizwa na Peter MacNicol, anamkaribisha nyumbani kwake kwa fahari, na fahari hiyo inamgharimu. Kwa muda wa nusu saa hivi filamu inauuliza ulimwengu wa elimu swali gumu: shahada husomwa usoni pa mtu, au hubandikwa usoni pake na wanaomtazama?

Bahati mbaya filamu yenyewe haikuliamini swali lake. Nafasi iliyobaki imejazwa na matatizo ya nyumba ya Langley. Mkewe anaondoka na watoto, binti anapata ajali ya pikipiki, na Bean, akiwa hospitalini, anadhaniwa kuwa daktari kwa mara ya pili, sasa wa tiba. Anatoa risasi mwilini mwa polisi kwa nasibu, na kumzindua binti wa Langley kwa nasibu kubwa zaidi. Kurudia ukosekano ule ule wa utambulisho kungeweza kuwa kilele. Badala yake kumekuwa njia ya mkato ya kuipatanisha familia. Familia ya Langley ni kiunzi cha kuanikia vichekesho, na mtazamaji hahitaji kuwa mkali ili aone vigingi. Vichekesho vyenyewe vingine vimetolewa kabatini: mfuko wa matapishi ndani ya ndege, kwa mfano, ulikwisha kuonekana runingani mwaka 1992, na huko ulikuwa na nguvu zaidi kwa kuwa haukuwa ukielekea popote.

Tukio moja linaokoa filamu, nalo ni uharibifu wa mchoro. Bean anaachwa peke yake na mama wa Whistler. Anapiga chafya. Anaupangusa mchoro kwa leso, na leso ina wino. Anautafutia wino kiyeyusha rangi, na kiyeyusha rangi kinaufuta uso wote wa yule mama. Hatimaye anachora uso mpya kwa kalamu, uso wa kikaragosi wenye macho mawili ya mviringo. Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alieleza kwamba binadamu huchekesha pale uhai wake unapofanana na mashine. Bean hapa ni mashine ya aina yake: kila hatua ni sahihi kwa mantiki ya hatua iliyotangulia, na jumla yake ni balaa la dola milioni 50. Hakuna neno linalosemwa. Tukio hili ni runinga tupu iliyokuzwa skrini, na kwa sababu hiyo ndilo sinema bora kuliko yote katika filamu nzima.

Usiku Bean anarudi kuficha kosa lake. Anamtilia mlinzi wa jumba dawa ya kuharisha, kisha anaweka picha ya kuchapwa badala ya mchoro na kuipaka ute wa yai na rangi ya kucha ili ing'ae. Watazamaji wengi huupita upesi ukweli kwamba bawabu amemhadaa bawabu mwenzake. Filamu nayo inaupita. Lau ingetua hapo kwa dakika moja ingepata kitu kizito, kwani mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa sawa na Bean kwa kazi na kwa mshahara ndiye aliyefanywa kichekesho cha chooni.

Kisha inakuja hotuba. Siku ya uzinduzi, Bean anasimamishwa mbele ya wageni na vyombo vya habari ili aueleze mchoro. Mtu aliyekoroma miaka kadhaa runingani bila sentensi kamili sasa hana pa kukimbilia. Anasema kazi yake ni kukaa na kutazama picha. Anasema uzuri wa kwanza wa picha hii ni ukubwa wake, kwani ingekuwa ndogo mno watu wasingeiona. Anaendelea kwa maneno ya kitoto juu ya mapenzi ya Langley kwa familia yake na ya Whistler kwa mama yake. Wanashangilia. Wanadhani wamepewa nadharia.

Tukio hili limefumwa kwa ustadi, na limefumwa pia kwa woga. Ustadi ni kwamba maneno ya Bean ni kweli tupu. Ndiye mtu pekee ukumbini ambaye kazi yake ni kutazama picha kutwa nzima. Mhifadhi huzitazama anapoandika juu yake, tajiri huzitazama anapozinunua, ilhali bawabu hukaa nazo. Woga ni kwamba filamu haimruhusu kujua alichosema. Kicheko kinaangukia wasomi, lakini hakiinuki na bawabu. Anabaki punguani aliyebahatika, kisha anarejea London na mchoro halisi ulioharibika, anautundika chumbani mwake, na hakuna anayegundua.

Ni katika nukta hii ambapo kulinganisha na futuhi ya Nairobi kunakuwa na maana. Charles Bukeko, marehemu tangu tarehe 18 Julai 2020, alimwigiza Papa Shirandula akiwa mlinzi, yaani soja kwa lugha ya mitaani, ambaye mkewe Wilbroda anaamini kwamba ana kazi ya ofisini. Uwongo huu una mwenyewe. Shirandula anajua yeye ni nani, anajua anayemficha ni nani, na anajua bei ya kugunduliwa. Bean anachekesha kwa sababu hana habari; Shirandula anachekesha kwa sababu ana habari zote, na kila kisa kinamkaribisha kwenye siku ya kuumbuka. Aristotle alidai kwamba kichekesho ni ubovu usioumiza. Katika Papa Shirandula ubovu unauma kidogo, na mtazamaji anayeuma meno huku akicheka ndiye aliyeuelewa mchezo.

Kwa nini aone haya ya kazi halali? Jibu halimo ndani ya mchezo, limo katika mji. Mashariki ya Nairobi, kuanzia mitaa inayofuata barabara ya Jogoo hadi Dandora na Kayole, ni nchi ya watu waliokuja mjini kwa ajili ya kazi na wakapimwa kwa kazi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Makongeni ilikuwa makao ya wafanyakazi wa reli. Mitaa ya Ofafa ilipewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Buruburu na Umoja zilifuata katika miaka ya 1970 zikiwa na ahadi ya mtu kumiliki nyumba yake. Mtu akisema anakoishi, amekwisha kusema nusu ya mshahara wake. Katika mazingira hayo sare ya mlinzi ni tangazo linalovaliwa, na suti ni hoja. Shirandula hamdanganyi Wilbroda peke yake, anadanganya ushoroba mzima wa majirani, na jamaa wa mashambani wanaongojea habari za mjini.

Bean hana ushoroba. Filamu ilipomtafutia nyumba ya kuishi, ilimpeleka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Huu ndio upungufu mkubwa wa urefushaji wake, na ni upungufu wa uhusika kuliko wa ploti. Waandishi walidhani kinachokosekana ni hadithi, ilhali kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye Bean angeona haya mbele yake.

Haifai, hata hivyo, kuzipamba futuhi za nyumbani kwa sifa zisizo zake. Wilbroda, aliyeigizwa kwa nguvu nyingi na Jacky Nyaminde, mara kwa mara amepunguzwa kuwa sauti kubwa yenye madai. Uwongo wa mume unahitaji mke wa kudanganywa, lakini mchezo humpa nafasi chache mno za kuuliza alidanganywa kwa nini. Kuna pia visa ambavyo mwisho wake hauna sababu nyingine ila kwamba dakika zimekwisha.

Ama suala zito zaidi ni lugha. Mwaka 1997 M. H. Abdulaziz na Ken Osinde walihusisha chimbuko la Sheng na mitaa hii ya Eastlands, ambako watoto wa makabila mengi walikutana katika ua mmoja na Kiswahili kikawa mali ya pamoja. Wazazi wao nao walikuwa na Kiswahili chao, kila mmoja akikisema kwa ulimi aliotoka nao nyumbani. Pale ambapo Mjaluo husema "samba" akikusudia shamba, Mkikuyu humchanganyia jirani kula na kura, na Mluhya huyafanya magumu yale matamshi ambayo Mswahili wa pwani huyalainisha. Futuhi ya runinga ya Kenya ilijengwa juu ya udongo huu. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang' na Mama Kayai walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali Benson Wanjau aliyemwigiza Ojwang' alikuwa Mkikuyu, na Mary Khavere aliyemwigiza Mama Kayai hakuwa Mjaluo pia. Nusu ya kicheko ilikuwa katika kinachosemwa, na nusu ilikuwa katika ulimi.

Pingamizi dhidi ya futuhi hii linajulikana, nalo lina uzito: kwamba huwafundisha watazamaji kumcheka mtu kwa kabila lake. Pingamizi hilo haliwezi kupuuzwa katika mji ambao, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jina na lafudhi vilitosha kumtambulisha mtu kwa waliokuwa wakimsaka, na ambako Mathare na Huruma ziligawanyika kwa mistari ambayo hapo awali haikuonekana. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitokana na maafa hayo. Mhakiki anayeandika juu ya Ojwang' kana kwamba lafudhi ni pambo la fani anaandika akiwa amefumba macho.

Lakini kuna kicheko na kicheko. Utani, katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, ni mkataba wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na aliye na haki ya kukutukana matangani ndiye mwenye wajibu wa kukuzika. Kipimo cha haki cha kichekesho cha lafudhi ni kuuliza kama kinalipika. Je, mwenye lafudhi amenyimwa akili? Je, ndiye pekee mwenye lafudhi katika mchezo, huku wengine wakisema Kiswahili cha redioni? Ojwang' si mjinga kwa sababu ya ulimi wake. Ujanja wake ni wa mzee yeyote mwenye nyumba, makosa yake pia, na waliomzunguka hawakuwa na Kiswahili kilichonyooka zaidi. Wanjau aliubeba ulimi wa jirani kwa miaka mingi kiasi kwamba watazamaji waliacha kumwita kwa jina lake. Alipofariki Julai 2015, aliyeombolezwa na wengi ni Ojwang'. Hiyo si dalili ya dharau. Inaweza kuwa dalili ya kitu kingine ambacho istilahi za uhakiki bado hazijakipatia jina.

Sasa inawezekana kueleza kwa nini bawabu wa London alisafiri na bawabu wa Nairobi akabaki. Bean alikuwa bila lugha, na asiye na lugha hahitaji mfasiri. Gharama ya filamu yake ilikuwa takribani dola milioni 18 na mapato yake yalifika kiasi cha milioni 250, nyingi kati ya hizo nje ya Uingereza. Shirandula na Ojwang' wameumbwa kwa lugha, tena lugha ambayo ladha yake ni kasoro zake. Ukiifasiri kwa Kiingereza, lafudhi inakufa. Ukiisahihisha iwe Kiswahili sanifu, inakufa mara mbili. Ushahidi mmoja unatosha. Bukeko alijulikana mbali na Kenya kupitia tangazo la Coca-Cola lililoonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika, na katika tangazo hilo sauti inayokumbukwa ni mtetemo wa midomo, "brrr", wa mtu aliyeburudishwa na kinywaji baridi. Ili avuke mipaka, mwigizaji mwenye ulimi hodari aliombwa atoe sauti isiyo neno.

Eastlands imewahi kufanya kinyume chake pia, yaani kuitwalia filamu ya kigeni na kuitia maneno. Sinema za katikati ya jiji zilikuwa na kiingilio na nauli. Mitaani kulikuwa na vibanda vya video, na ndani ya vibanda kukatokea wasimulizi. DJ Afro ndiye maarufu kuliko wote nchini Kenya. Akitumia Kiswahili na Sheng, huzungumza juu ya filamu za Hollywood, za Kihindi na za Kichina, akieleza, akitabiri, akibishana na wahusika. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu wake, na Kampala ina safu ndefu ya watu wa kazi hiyo hiyo. Wasimulizi hawa hupendelea filamu za mapigano, na sababu yake si ngumu kuiona: ngumi huacha nafasi ya maneno, ilhali kichekesho cha mwili kama cha Bean kinaijaza nafasi yote. Hata hivyo kazi yao inaonyesha kile ambacho Curtis na Driscoll hawakukipata. Msimulizi wa kibanda ni jirani. Yeye huona aibu kwa niaba ya mhusika asiyeona aibu, humkemea, humwonya kwamba mkewe yuko mlangoni. Huwa ule ushoroba ambao filamu ilimnyima Bean.

Filamu ya pili, Mr. Bean's Holiday ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Steve Bendelack, inaonekana kujifunza kutokana na ya kwanza. Bean amerudishiwa ububu wake. Anavuka Ufaransa kwa maneno machache ya kuombaomba, na hakuna familia ya kuipatanisha kwa nguvu isipokuwa mtoto mmoja aliyepotezana na baba yake. Ni filamu nyepesi, na wepesi unaifaa. Cha ajabu ni kwamba inaishia pale pale. Katika tamasha la Cannes, picha ovyo alizozinasa Bean kwa kamera yake ndogo zinaingia juu ya filamu ya msanii mwenye majivuno, anayeigizwa na Willem Dafoe, na ukumbi wa wajuzi unasimama kupiga makofi. Mara mbili, kwa umbali wa miaka 10, mhusika huyu amewafanya wenye elimu washangilie wasichokielewa. Waandishi wake hawakuwa na mzaha mwingine mkubwa zaidi ya huo, nao unahusu wahakiki.

Idara za Kiswahili hazijawahi kushangilia namna hiyo, kwani hazikuingia ukumbini. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika juu ya kejeli katika Kigogo ya Pauline Kea au Mstahiki Meya ya Timothy Arege ana matini mkononi, ana kurasa za kurejelea na ana wenzake waliotangulia. Anayetaka kuandika juu ya Vitimbi atalazimika kuanza kwa kuiandika Vitimbi yenyewe, akikaa mbele ya skrini na kunakili neno kwa neno. Saa ya kwanza haitakwisha kabla hajakutana na tatizo ambalo hakuna mwongozo wa tasnifu unaolitaja. Ojwang' atasema "samba". Mwanafunzi akiandika "shamba", atakuwa amemsahihisha mzee na kukitoa kichekesho chote. Akiandika "samba", mtahini atakizungushia duara jekundu akidhani ni kosa la uchapaji.